Shauri la Panzi

Hospitalini walimwita Upepo. Jina hilo alipewa na manesi, na si kwa sababu ya wembamba, maana mwembamba hakuwa hata kidogo. Walimwita hivyo kwa namna alivyoendesha gari la wagonjwa. Wenzake walikimbiza gari kwa honi na kelele na bado wakachelewa. Yeye alikaa wima kwenye usukani kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani, akazipita foleni bila mgonjwa wa nyuma kuguna. Daktari mmoja alisema angeweza kumshona mtu ndani ya gari la Upepo na mshono ukanyooka.

Lakini mbio za kazini hazikuwa zake. Kila alipokanyaga mafuta, nyuma yake palikuwa na mtu anayevuja damu, au mama anayezaa kabla ya wakati, au mzee anayeitwa jina lake na haitiki. Akirudi nyumbani, mabega yalikuwa magumu kama ubao. Mbio zake mwenyewe, zile za kucheka peke yake, alizifanya ndani ya Panzi.

Panzi alikuwa gari la mbio la milango miwili, kijani, fupi, limelala chini kiasi kwamba ukiingia ulijihisi umekaa kwenye karai. Mjomba wake, mdogo wake mama, alilikuta nyuma ya ghala limewekwa juu ya matofali na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Wakati huo Upepo alikuwa bado msichana, na baba yake amekwisha kufariki. Mjomba alilivuta mpaka gereji kwake, akampa msasa na kumwambia, "Mwanangu, kulia tumelia vya kutosha. Sasa sugua." Akasugua. Miaka ikapita wakisugua, wakifunga, wakifungua. Alijifunzia humo kuendesha, humo akamleta mchumba wake amwonyeshe mji, na mchumba akashuka anatapika. Akamwoa hivyo hivyo.

Mchumba huyo sasa ndiye mumewe, mwalimu wa sekondari, na mtaa mzima walimwita Mwalimu tu. Alikuwa mtu wa taratibu. Hata chai aliikoroga kwa kufuata upande mmoja.

Kila mwaka chama cha madereva kilifunga barabara ya zamani ya machimbo ya kokoto, mmoja mmoja akapanda kilima kwa kupimwa na saa. Kuna miaka Panzi aliogopwa. Kisha yakaja magari mapya, na mwaka uliopita Upepo alipitwa na muuza vigae mmoja ambaye, alipoombwa afungue boneti ikaguliwe, alizunguka gari lake mara mbili akitafuta pa kufungulia. Upepo alimpa mkono wa pongezi.

Basi shauri lilianza Jumapili moja mchana, wakiwa mezani. Mjomba aliingia amebeba kitu ndani ya gunia, akakitua kati ya sahani. Kilikuwa chuma kilichojikunja kama konokono.

"Shikamoo Mjomba," Mwalimu akasema. "Na hiki mezani kwangu ni kitu gani?"

"Marahaba. Hiki ni mapafu. Tabo, ya kuisukumia injini hewa. Panzi siku zote anapumulia puani. Nikimfungia hii atapumua kwa kifua kizima, na yule muuza vigae atabaki kuhesabu vumbi."

"Mapafu ya ng'ombe ukimtia panzi, Mjomba, atapasuka."

Upepo akacheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye kile chuma. Mwalimu naye alikuwa na neno lake, alilolibana tangu asubuhi. Daktari wa meno wa mtaa wa pili alikuwa anahama, na gari lake la mbio alikuwa analiuza. Jipya, imara, lina mifuko ya hewa kila upande. Mnunuzi mwingine alikwisha kulitazama, ila daktari alikubali kumsubiri Upepo kwa wiki mbili.

Mjomba akakunja uso. "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Mwalimu akajibu.

"Umesikia? Kidonda! Amesema mwenyewe."

"Vita vya panzi, furaha ya kunguru," Upepo akawakata. "Na kunguru mwenyewe anauza vigae. Niacheni nifikiri."

Kesho yake, akitoka zamu, alikwenda kulijaribu gari la daktari wa meno. Alikuwa amejiandaa kulichukia. Aliliingiza kwenye kona kwa nguvu, makusudi, nyuma ikataka kuteleza, na kabla mikono yake haijafanya lolote gari lenyewe likajirudisha mstarini, kimya kimya, kama mtu mzima anayemshika mtoto mkono wakati wa kuvuka barabara. Alipunguza mwendo akaegesha pembeni. Kilichomtisha si kwamba gari lile lilimwingilia kazi yake. Kilichomtisha ni kwamba moyo wake ulitulia, na alipenda ulivyotulia.

Mwalimu alipomuuliza, alisema, "Si baya." Mwalimu aliyajua maneno hayo, kwa mkewe yalikuwa sifa kubwa. Alikwenda jikoni akajifungia kucheka.

Ila kule gereji, Mjomba alikuwa hajasubiri jibu la mtu. Upepo alipofika Jumatano alikuta injini imefunguliwa, mabomba mapya yamekatwa, tabo imekaa mahali pake. Mjomba alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Nipe spana ya kumi na tatu."

Akampa. Mjomba akaipapasa, akaifikisha puani kama anayeinusa, kisha akafunga nati. Baadaye alisimama kumimina oili, na oili nusu ikaingia tunduni, nusu ikatiririka juu ya injini. "Mkono wa uzee," akasema huku akifuta na kitambaa. Upepo akatazama upande mwingine. Akaona pale shokapu ya mbele kushoto inapojishika kwenye bodi pamepakwa rangi mbichi.

"Na hapo pamefanywa nini?"

"Palikuwa na ufa mdogo. Nimechomelea. Sasa ni imara kuliko alipotoka kiwandani."

Alitaka kuingiza kidole chini ya ile rangi. Lakini Mjomba alikuwa amesimama karibu naye, anatabasamu, mashavu yamejaa grisi, na alikuwa hajamwona akiwa na furaha namna ile kwa muda mrefu. Akaurudisha mkono mfukoni.

"Jumamosi tunapanda mlimani," Mjomba akasema. "Mimi na wewe. Ukishuka, ndipo umpigie huyo mng'oa meno wako."

Jumamosi asubuhi barabara ya machimbo ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na haikuwa na magari isipokuwa malori machache ya kokoto. Mkono wa kushoto, unaposhuka, kuna shimo la machimbo ambalo chini yake lina maji ya kijani. Mkono wa kulia kuna ukuta wa udongo mwekundu.

Kupanda kulikuwa raha tupu. Panzi alianza kama kawaida yake, kisha tabo ikaamka kwa mluzi, na mgongo wa Upepo ukazama kitini. Alipiga ukelele. Mjomba akapiga magoti yake kwa viganja. "Unasikia? Unasikia anavyopumua?" Kona zilizokuwa zinamchosha Panzi sasa zilikuja haraka kuliko alivyozizoea. Kileleni aligeuza gari, bado anacheka. Moyoni alikuwa amekwisha kuamua. Daktari wa meno ampe mwingine.

Walishuka kwa mwendo wa kawaida. Lipo shimo barabarani kabla ya kona kubwa, na Upepo alilijua, akalikwepa kwa tairi zote isipokuwa ile ya mbele kushoto.

Kukatokea mlio, *paa!*, kama mlango wa chuma uliogongwa na upepo. Boneti ikafura upande mmoja. Usukani ukamvuta mkono wa kushoto, kuelekea shimoni, kwa nguvu ya mtu mwingine.

"Shika!" Mjomba akapaza sauti.

Alikuwa ameshika. Alivutia kulia kwa uzito wake wote, na gari likaendelea kwenda kushoto. Akakanyaga breki, na tairi lililolala ubavu likasaga bodi, moshi ukaingia ndani. Kulia kulikuwa na ule ukuta wa udongo, na akiufikia yuko salama. Lakini kutoka chini ya kona lilikuwa linapanda lori la kokoto, limeijaza njia.

Hapo ndipo mwili wake ulipoingia kazini. Sauti zote zikawa mbali. Hakuweza kwenda kulia kabla lori halijapita, na hakuweza kukaa kushoto kwa muda ule. Akaachia breki kidogo, akashusha gia mpaka injini ikapiga yowe, akalilazimisha gari litambae ukingoni, mawe madogo yakiporomoka na kulia chini kwenye maji. Kioo cha pembeni cha lori kikapita karibu kabisa na uso wake. Mara mkia wa lori ulipompita, alivuta breki ya mkono na kuzungusha usukani kulia kwa viwiko. Panzi akajigeuza, akavuka barabara kinyumenyume, akajipigiza kwenye ukuta wa udongo upande wa Mjomba.

Vumbi likatulia. Injini ikazimika yenyewe.

"Usisogee," Upepo akasema. Hata sauti haikuwa yake tena, ilikuwa ile ya kazini. "Mjomba, usigeuze shingo. Unaumwa wapi?"

"Mbavu. Kidogo. Na paji la uso."

Damu ilikuwa inamshuka juu ya nyusi. Dereva wa lori alikuja mbio, Upepo akamwambia akaweke matawi barabarani. Kisha akafanya alivyofanya kwa kila aliyegonga kichwa. Akainua kidole mbele ya uso wa Mjomba. "Fuata kidole changu kwa macho tu."

Akakipeleka kushoto. Macho ya Mjomba yakabaki palepale. Akakipeleka kulia. Yakabaki palepale. Upepo akadhani ni ubongo.

"Mjomba, unakiona kidole?"

"Nakiona."

"Kiko upande gani?"

Mjomba akageuza macho kuelekea sauti yake, si kuelekea kidole. "Hapo," akasema.

Walitazamana, kama ile inaweza kuitwa kutazamana. Spana iliyonuswa, oili iliyomwagika, ile rangi mbichi, vyote vilimjia kwa mpigo mmoja.

"Tangu lini?"

"Ni ukungu tu. Unakuja na kuondoka." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Usiwaambie watu, mwanangu. Nani ataniletea gari?"

Siku hiyo Upepo alipelekwa hospitalini na gari la wagonjwa ambalo kawaida huliendesha yeye. Mjomba alikuwa na mbavu zilizochubuka na nyuzi chache kwenye paji. Mwalimu alikuja anakimbia, shati limefungwa vifungo vibaya. Upepo akasubiri maneno ya "nilikwambia." Mwalimu akakaa kando yake kwenye benchi, akamshika mkono, akamuuliza kama amekula.

Vita vyenyewe vikaanza wiki iliyofuata.

Panzi aliburutwa mpaka gereji akafunikwa turubai. Mjomba, kifua kimefungwa bandeji, alikuwa amekwisha kuandaa mashine ya kuchomelea. "Lile shimo lilikuwa kubwa. Gari gani lisingevunjika? Nitaweka bati nene. Panzi hajafa."

"Mjomba, huoni."

"Naona kazi yangu."

Upepo alimshika mkono, akaliinua turubai, akakiingiza kidole cha mjomba wake kwenye mpasuko. Chuma kilikuwa kimeachana kama mdomo. Kando yake, upana wa dole gumba, ulipita mstari mzuri, nono, wa kuchomelea. Ulikuwa haukugusa ufa popote. Kidole cha Mjomba kikaenda kwenye ufa, kikarudi kwenye mstari, kikaenda tena.

"Kuna mtu alikuja akagusa hapa," akasema.

"Hakuna aliyekuja. Tulikuwa mimi na wewe tu."

"Kuna mtu alikuja!"

"Sitapanda tena gari ulilochomelea kwa kubahatisha. Twende ukapimwe macho."

"Jicho si klachi, halibadilishwi!" Akaliteremsha turubai. "Nimekulea humu ndani. Leo umepata gari la mng'oa meno, unataka kunizika mzima ili upate sababu. Toka. Toka kwenye gereji yangu."

Akatoka. Alifika barabarani, akajishikilia kwenye nguzo ya umeme kama mlevi.

Daktari wa meno alipiga simu siku ileile ya ahadi. Upepo aliitazama simu ikilia mezani. Alipopokea, alisema anahitaji muda zaidi. Daktari alisema muda ndio kitu asichokuwa nacho, mizigo yake imefungwa. Jioni hiyo gari likachukuliwa na mnunuzi yule mwingine.

"Umeliachaje?" Mwalimu akauliza, na safari hii hasira ilikuwa wazi. "Umenusurika kufa, gari salama liko mlangoni, unaliacha?"

"Nikilichukua leo, Mjomba ataamini mpaka kaburini kwamba nilimkimbia. Lazima aone kwanza. Aone kwa macho yake nilichokiona mimi."

"Na asipoona kamwe?"

Walilala wamepeana migongo.

Siku zikaenda. Mjomba hakupokea simu. Kazini Upepo alianza kukanyaga breki mapema, mahali pasipo na sababu, na muuguzi wa nyuma akamuuliza kama yuko sawa. Alisema yuko sawa. Kila alipopita kwenye shimo, mkono wake wa kulia ulijivuta wenyewe.

Kisha asubuhi moja mke wa Mjomba akapiga. Alikuwa ananong'ona. "Njoo umchukue mjomba wako. Amevaa shati lake la kwenda kliniki tangu alfajiri, amekaa kibarazani anajifanya anasubiri mtu wa rejeta. Usimwambie nimekupigia."

Upepo alifika. Wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye msiba. "Ninaelekea upande wa kliniki ya macho," akasema. "Kama huna shughuli, nisindikize."

"Mtu wa rejeta hajaja," Mjomba akasema, akainuka.

Majibu yalikuwa nusu heri, nusu shari. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na lingeweza kufanyiwa upasuaji. La kushoto lilikwisha kuliwa na presha ya macho, na hakuna wa kulirudisha. Mjomba alisikiliza mikono ikiwa magotini. "Moja," akasema tu. "Basi moja."

Upasuaji ulipita salama. Siku alipofunguliwa kitambaa, alimtazama mkewe kwa muda, akasema, "Kumbe na wewe umezeeka," akapigwa kibao cha bega. Lakini hakukaa kusherehekea. Alimwambia Upepo ampeleke gereji.

Aliliondoa turubai mwenyewe. Akainama, akaweka jicho lake moja karibu na mpasuko, akaufuata mstari wa kuchomelea mwanzo hadi mwisho. Upepo alisimama nyuma, hajui aweke wapi mikono.

"Kazi ya nani hii?" Mjomba akauliza mwishowe.

Upepo akalikunja turubai.

"Nakuuliza, nani alikuruhusu upande kitu kama hiki?"

"Wewe, Mjomba."

Mzee akaketi juu ya tairi. Machozi yalimtoka katika macho yote mawili, hata lile lisiloona. Upepo akapiga magoti. "Tunaweza kumpa fundi mwingine achomelee," akasema haraka. "Tabo tuitoe. Abaki kama alivyokuwa. Sina haja ya kumpita mtu yeyote kilimani."

Mjomba akatikisa kichwa, akamvuta karibu. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye chuma mbali kabisa na ufa, mahali palipoonekana pazima. Ikazama kama kwenye mkate uliolowa. Akajaribu mbele zaidi. Ikazama.

"Kutu imekula mpaka huku," akasema. "Mtie tabo, mtie mabawa, haya mashavu ya kushikia shokapu hayabebi tena. Si mimi peke yangu, mwanangu. Na yeye amechoka." Akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Leta grenda."

"Leo?"

"Leo. Kesho nitapata sababu ya kutomkata."

Cheche ziliruka mpaka ukutani. Alikata upande wa kushoto, akasimama kuvuta pumzi kwa ajili ya mbavu, akamkabidhi Upepo miwani na mashine. Upepo alikata upande wa kulia. Walifanya kazi mpaka jua likashuka. Injini waliitoa nzima, ikachukuliwa na chuo cha ufundi. Gereji Mjomba aliikodisha kwa mafundi wawili, yeye akabaki mkaguzi mlangoni. Gari halitoki bila yeye kulizunguka, na mafundi wanasema jicho lake hilo moja lina makelele kuliko macho ya watu kumi.

Upepo alikaa mwaka mzima bila gari la mbio. Mashindano yalipofika alikwenda kama dereva wa gari la wagonjwa, akaketi chini ya kilima, akamtazama muuza vigae akishinda tena. Ilimuuma, na hakuficha.

Mwaka uliofuata alinunua gari jingine. Halikuwa zuri kama la daktari wa meno, lilikuwa la rangi ya majivu, na hakuna aliyelipa jina. Kabla hajalilipia, Mjomba alilala chini yake mpaka muuzaji akaanza kutazama saa. Kisha walilirudisha nyumbani pamoja, kwa barabara ya kawaida yenye magari ya watu wanaotoka kazini.

Kwenye kona moja Upepo alikanyaga breki mapema kuliko ilivyohitajika. Gari la nyuma likapiga honi.

"Umeogopa," Mjomba akasema.

"Nimeogopa."

Mjomba aliuvuta mkanda wake, akauhakikisha kwa vidole. "Haya," akasema. "Twende."